Rula Kabla ya Mkasi

Perege wa Ziwa Basotu, huko Hanang, akifika mezani kwa mtafiti wa vimelea hapasuliwi kwanza. Anapimwa. Analazwa ubavu kwenye ubao wenye rula, mdomo ukigusa ukingo, na urefu unasomwa hadi shina la mkia, maana ncha za mkia huchanika na kudanganya. Kisha mizani. Mwenye haraka ataona ni kupoteza muda. Mimi naona kazi yote imesimama juu ya hatua hiyo, kwani idadi ya minyoo isiyo na urefu wa samaki pembeni yake haisemi lolote.

Ndipo mkasi unashikwa, ncha butu ikitangulia ndani ili utumbo usitoboke na wakazi wake wakachanganyika na wa nje. Matamvua hukatwa upinde mmoja mmoja, kila upinde katika kisahani chake cha maji chini ya hadubini. Hapo huonekana mnyoo Cichlidogyrus, asiyefika hata milimita mbili, aliyejishikiza kwa kulabu zake. Matamvua mapana humpa nafasi kubwa zaidi.

Karibu na moyo, mkono hupunguza mwendo. Humo hujikunja lava wa Contracaecum, mnyoo ambaye Ilan Paperna alimweleza katika kitabu chake cha vimelea vya samaki wa Afrika, kilichotolewa na FAO mwaka 1996. Lava huyu hakomai ndani ya samaki. Anamngoja mnandi au mwari ammeze perege, akue na kutaga tumboni mwa ndege. Wakati anangoja, wengine wanaingia, ndiyo maana samaki mkubwa, aliyeishi na kula zaidi, kwa kawaida huwa na wengi.

Minyoo wa utumboni wana hesabu nyingine: huja na chakula, hufa, hutoka. Kambale akishakuwa mkubwa wa kumeza samaki wenzake, chakula kimebadilika, na wageni wake nao. Kwa hiyo mkubwa hatofautiani na mdogo kwa wingi tu. Hata aina zenyewe hubadilika.

Heshima yangu kubwa naiweka kwa perege mdogo, tuseme wa sentimita saba, kutoka Ziwa Tlawi kule Mbulu. Anapewa muda uleule, pinde zote za matamvua, jicho, ini, utumbo uliofunuliwa mwanzo hadi mwisho. Hakuna kitu. Mtafiti anaandika 0 kando ya urefu wake, kwa mwandiko uleule, anasuuza mkasi, anamvuta samaki anayefuata.