Hongera, Wagumu wa Kilimanjaro

Kila mgeni anayepiga picha kwenye kilele cha Uhuru, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, amefikishwa pale na watu ambao mara nyingi hawamo pichani. Hao ni wagumu, wapagazi wa Mlima Kilimanjaro.

Katika lango la Machame, mizigo yao hupimwa kwenye mizani, mwisho kilo 20, ndipo safari inaanza. Watazame kwenye ukuta wa Barranco: mgeni anaukumbatia mwamba kwa mikono miwili, mpagazi anampita na furushi kichwani, mkono mmoja tu ukigusa jiwe. Kambi ya Barafu haina maji. Wapagazi huyabeba kutoka bonde la Karanga. Mgeni akifika hoi, hema limeshasimama na chai iko tayari.

Tangu wapanda mlima Hans Meyer na Ludwig Purtscheller wafike kileleni mwaka 1889, sifa zimewaendea wapandaji. Leo tunawapongeza wabebaji. Pongezi hizo zitimie kwa ujira kamili, koti zito, mlo wa kushiba na bakshishi inayofika mkononi mwa mwenyewe. Hongereni sana, wagumu. Mlima huu hupandwa kwa nguvu zenu.