Mwaka Usionyeshewa

Azimio la kazi huandikwa na kila mwalimu wa sekondari nchini Kenya, lakini ni nadra kulisoma kama maandishi. Mkuu wa idara hutafuta tarehe na sahihi. Afisa wa elimu akija hutaka kuona kwamba lipo. Mimi naliendea kama ninavyoliendea shairi, nikiuliza umbo lake linaruhusu nini kusemwa na linafungia nje nini. Ninalolisoma ni la mada za mazingira, na ninalisomea Mbooni, Kaunti ya Makueni, kwa kuwa vilima vile vimefunza watu habari za udongo na maji tangu kabla ya mtaala wowote.

Azimio ni jedwali. Safuwima ya kwanza ni Wiki, ya pili Kipindi, kisha Mada, Mada Ndogo, Shabaha, Shughuli, Nyenzo, Asilia, na ukingoni kabisa, mahali karatasi inapoishia, Maoni. Mwalimu wa Biolojia au Jiografia hulijaza kwa Kiingereza na wa Kiswahili kwa Kiswahili, ila mistari ni ileile. Kwa kuwa tunasoma kutoka kushoto kwenda kulia, Wiki ndiyo inayotawala. Mada haiulizwi inataka msimu gani. Hupewa vipindi vyake na kuambiwa vitoshe.

Sasa tuitazame hiyo Wiki kwa makini. Mwaka 2025 muhula wa kwanza ulikuwa na wiki 13, wa pili 14 na wa tatu 9. Shule zilifungwa tarehe 4 Aprili na kufunguliwa tarehe 28. Zikafungwa tena tarehe 24 Oktoba kupisha mtihani wa kitaifa wa KCSE. Ukambani, iliko Mbooni, kuna misimu miwili ya mvua. Ya masika hufikia kilele Aprili. Ya vuli, ambayo ndiyo mkulima wa huku huitegemea zaidi, huanza Oktoba na kushika kasi Novemba. Weka kalenda hizi mbili sambamba, na utaona kwamba vilele vyote viwili vimeangukia likizoni. Likizo haina safumlalo katika azimio. Jedwali linaruka kutoka wiki ya mwisho ya muhula mmoja hadi wiki ya kwanza ya mwingine kana kwamba katikati hapakuwa na kitu. Hivyo mwalimu wa Mbooni anayepanga mwaka mzima wa mmomonyoko wa udongo, mtiririko wa maji na uoto, anaandika hadithi ya mwaka ambao mvua haifiki kilele hata siku moja.

Hili halikuletwa na uzembe wa mwalimu, bali limo ndani ya umbo. Maazimio mengi siku hizi hununuliwa yakiwa tayari, mwalimu akabadilisha jina la shule na tarehe tu. Karatasi ileile hutumika Lamu, Kisumu na Kikima ya huku Mbooni, na inaweza kutumika kote huko kwa sababu haina mahali pa kutaja mahali.

Mpangilio wa mada nao una maana yake. Katika mtaala wa 8-4-4, ambao watahiniwa wake wa mwisho wanafanya KCSE mwaka 2027, mazingira si somo linalojitegemea. Ekolojia imo katika Biolojia ya kidato cha tatu. Uhifadhi wa udongo na maji umo katika Kilimo cha kidato hichohicho. Usimamizi na uhifadhi wa mazingira ndio mada ya mwisho kabisa ya Jiografia ya kidato cha nne. Msomaji wa riwaya anajua kwamba sura ya mwisho ndiyo yenye uzito. Katika azimio mambo ni kinyume: cha mwisho ndicho hupunguzwa mtihani ukikaribia, kikageuzwa muhtasari wa kukariri katika wiki iliyoandikwa "marudio". Miaka minne ya kuisoma dunia inafungwa kwa mbio.

Safuwima ya Shabaha ndiyo yenye lugha inayostahili kuchunguzwa neno kwa neno. Sentensi yake haibadiliki: kufikia mwisho wa kipindi, mwanafunzi aweze kutaja, kueleza, kuorodhesha. Vitenzi hivi vyote hukamilika papo hapo, mbele ya ubao, ndani ya dakika 40. Nitauamini zaidi mpango utakaothubutu kuandika kupima, kulinganisha, kufuatilia, kurudi. Lakini "kurudi" hakuwezi kufikiwa mwisho wa kipindi, kwa hiyo sarufi ya safuwima inakikataa kitenzi hicho.

Mtaro wa fanya juu hauingii katika sarufi hiyo. Mkulima huchimba mfereji kukingama mteremko na kuutupa udongo upande wa juu, ukawa tuta. Mvua ikija, maji hupungua kasi, udongo unaosombwa hutua nyuma ya tuta, na msimu baada ya msimu mteremko hujigeuza ngazi. Kazi ya jembe ni ya siku chache, na inayobaki hufanywa na mvua kwa miaka. Mwaka 1937 Colin Maher, ofisa wa serikali ya kikoloni, aliandika ripoti ya kutisha kuhusu mmomonyoko katika wilaya ya Machakos, ambayo wakati huo ilijumuisha Makueni. Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha kitabu kuhusu wilaya ileile, wakionyesha kwamba watu walikuwa wameongezeka zaidi ya mara tano tangu miaka ya 1930, ilhali ardhi ilikuwa imetunzwa vizuri zaidi. Katikati ya maandishi hayo mawili kuna matuta ya kulazimishwa yaliyochukiwa, kisha matuta ya hiari yaliyochimbwa na vikundi vya mwethya, yaani vya kusaidiana kazi, wengi wa wanachama wake wakiwa wanawake.

Bibi wa mwanafunzi anayeketi darasani huenda alikuwa mmoja wao. Lakini safuwima ya Asilia hudai kitabu na ukurasa, naye hana ukurasa. Safuwima ya Nyenzo nayo huandikwa "chati ya matuta", hata pale ambapo matuta yenyewe yanaonekana dirishani. Sioni tusi kubwa zaidi kwa ujuzi wa watu hawa, hata kama hakuna aliyelikusudia.

Gredi 10 ya kwanza ya mtaala mpya unaochukua nafasi ya 8-4-4 iliingia sekondari ya juu Januari 2026, nayo ilikuja na jedwali lililobadilishwa. Lina safuwima ya Swali Dadisi, na hiyo naipongeza bila kusita, kwa sababu swali hukaribisha jibu la mahali: kwa nini kisima cha mchangani kina maji Agosti wakati mto umekauka? Mtoto wa Kalawa, humu humu Mbooni, ana jibu la kuanzia ambalo wa Nairobi hana. Hata hivyo Wiki bado iko kushoto, mbele ya swali.

Ningelipanga azimio la Mbooni kuanzia Oktoba. Ningeongeza safumlalo za Aprili na Novemba na kuziandikia kazi halisi ya nyumbani: kopo la kupimia mvua uani, kijiti kilichochomekwa kwenye mfereji kikiwa na alama za sentimita, kina cha udongo kabla na baada ya msimu. Shabaha ya Oktoba ingetimizwa Januari, na ningeandika hivyo bila kuomba radhi. Kwa mwanafunzi wa shule ya kutwa hili ni rahisi, kwani shamba liko mlangoni. Wa bweni angelianza siku anaposhuka kwenye matatu.

Na Maoni ningeyapanua. Kwa kawaida huko huandikwa "mada imefunzwa vyema", na faili hufungwa. Ningetaka paandikwe tarehe ya mvua ya kwanza, milimita zilizopimwa, tuta lililobomoka na sababu yake, kisha mwalimu wa mwaka unaofuata alazimike kuyasoma kabla ya kuchora jedwali lake. Gredi 10 ina miaka mitatu hadi kumaliza. Hiyo ni misimu sita ya mvua, inayotosha shule moja kuwa na rekodi yake ya udongo na mvua, iliyoandikwa na wanafunzi wake wenyewe, ambayo Asilia italazimika kuitaja pamoja na ukurasa.