Kompyuta Moja, Ngoma Mbili

Baadhi yetu walimu hudai kwamba muziki wote utengenezwao kwa kompyuta ni mmoja, yaani kelele zisizo na kwao. Hukumu hiyo ni nyepesi mno. Mtu asimamapo Masumbwe, kando ya barabara kuu itokayo Kahama kwenda Ushirombo, huweza kusikia kutoka vibanda viwili vilivyopakana singeli ya Dar es Salaam na nyimbo za Kisukuma zilizopigwa kwa kinanda cha umeme. Vyombo vyake karibu ni vile vile. Ngoma zilizomo ndani yake ni mbalimbali.

Singeli ilizaliwa katika mitaa ya uswahilini kama Manzese na Tandale. Mzazi wake ni mchiriku, uliochukua ngoma za Wazaramo ukaziongezea kinanda kidogo cha Casio, kilichopazwa sauti kwa spika za honi mpaka kikakwaruza. Mafundi wa singeli walikwenda mbali zaidi. Walikata kipande kifupi cha taarabu, wakakizungusha bila kikomo, kisha wakakiongeza mwendo hata kufikia mapigo 200, pengine 300, kwa dakika. Muziki wa house uliozaliwa Chicago katika miaka ya 1980 hutembea kwa mapigo 120 au 130 hivi, na ngoma yake nzito hulia kwa nafasi zilizo sawa, kama hatua za askari. Singeli haina utulivu huo. Mwaka 2017 kazi za studio ya Sisso, iliyoko Mburahati, zilitolewa Kampala katika mkusanyo uitwao Sounds of Sisso, na wageni wa Ulaya wakashangilia kasi.

Je, kasi ndiyo tofauti yenyewe? La hasha! Ipunguze singeli mwendo upendavyo, haitakuwa wimbo wa Kisukuma. Tofauti imo katika namna ngoma inavyowakusanya watu. Singeli ni ya uchochoro: mchezaji hujitokeza peke yake, huonyesha kiuno na miguu yake, hurudi kundini, naye mwimbaji hurusha maneno kama mtu anayefukuzwa. Bugobogobo la Wasukuma ni ngoma ya kilimo. Ngoma yake kubwa hutoa pigo zito linaloacha nafasi, ili mstari mzima upate kuinua majembe na kuyashusha pamoja. Mwimbaji wa leo kama Bhudagala, ajapotumia kinanda, ameilinda nafasi hiyo. Husimulia kwa kirefu, hutaja watu kwa majina, husifu na kuonya, na pigo humsubiri.

(Wasumbwa, ambao mji huu una jina lao, wana ngoma zao, nazo zastahili makala yake.)

Hata hivyo nina lawama. Tangu karne ya 19 vyama vya Bagika na Bagalu vilishindana kwa kuvuta umati; watazamaji wenyewe ndio waliokuwa waamuzi. Katika rekodi nyingi nizisikiazo, kiitikio cha watu kimetoweka, na sauti ya mwimbaji hujiitikia yenyewe. Hapo ndipo kompyuta imetunyang'anya kitu, si katika kinanda wala katika spika.

Nami nililitambua jambo hili nikiwa nimechelewa. Nilipata kuwa mwamuzi wa mashindano ya shule, na kundi moja likaja na majembe yake likicheza bugobogobo kwa wimbo wa kinanda uliotoka katika simu. Sisi waamuzi tuliandika kwamba hiyo si ngoma ya asili, tukawapa alama za chini kabisa. Kundi lililofuata lilikuwa na ngoma za ngozi, nasi tukalipa ushindi, ingawa wachezaji wake hawakuitikiana hata mara moja. Wale wa kwanza walikuwa wameachiwa kiitikio kitupu na ile rekodi, wakakijaza kwa sauti zao wenyewe, huku majembe yakishuka kwa pigo moja.