Telefone njo ilihukumu, si masikio yetu

Leo ninaacha mihogo na udongo pembeni kidogo. Ninataka kuongea juu ya saksofoni, na zaidi juu ya namna tunawahukumu ndugu zetu wanaojifunza kuipiga. Nitaanza na kosa langu mwenyewe, ili mtu asiseme ninafundisha watu nikiwa juu ya kiti.

Kuko ndugu mmoja tulisoma naye. Alinunua saksofoni alto ya mitumba, anapiga kanisani hapa Bukavu. Hana mwalimu. Basi alikuwa anajirekodi na telefone, anatutumia kwa WhatsApp, anauliza swali lile lile: "Sauti yangu iko namna gani? Inatosha ao inazidi?"

Wengi walijibu kama kawaida yetu: "Muzuri sana papa, Mungu akubariki." Mimi nilijiona mwenye masikio kuwashinda. Kwa rekodi ya kwanza nilimwandikia: "Inapasuka. Ni kama klaksoni ya lori, punguza." Akapunguza. Kwa rekodi ya pili, juma moja nyuma, nikaandika: "Sasa sauti iko wapi? Unaogopa chombo? Sukuma pumzi." Nyuma ya pale akanyamaza. Miezi mitatu hakutuma kitu. Nikasikia kwa watu kama anatafuta mtu wa kumuuzia ile saksofoni.

Halafu siku moja nikamkuta anapiga kwenye kilio cha jirani. Mimi nilikaa labda metre kumi mbali naye, uwanjani, bila mikro wala nini. Wandugu, sauti ilikuwa imejaa. Ilikuwa ya moto, haipasuki, inakaa chini ya waimbaji bila kuwafunika. Kama kweli ningekuwa na masikio, ningeisikia toka zamani. Nilisikia haya.

Nilirudi nyumbani, nikasikiliza tena zile rekodi mbili, nikamuuliza alizifanya namna gani. Ya kwanza, telefone ilikuwa juu ya meza, mbele kabisa ya mdomo wa saksofoni. Mikro ndogo ile haiwezi kubeba nguvu yote hiyo. Sauti ikipita kipimo chake, inakatwa kichwa, na sisi tunasikia mkwaruzo. Ya pili alipiga polepole, telefone ikiwa mule mule. Telefone nyingi zinajipanga zenyewe: sauti ikiwa ndogo zinaipandisha, ikiwa kubwa zinaishusha. Tena zimetengenezwa kwa mtu anayeongea. Noti moja ndefu inayokaa pale pale, programu ya kuondoa kelele inaweza kuiona kama mlio wa mashini, inaanza kuikula. Kwa hiyo tulisikia pumzi, tukasikia vidole vinagonga funguo, lakini sauti yenyewe ilipotea.

Kumbe ile "inapasuka" yangu na ile "haina nguvu" yangu, zote mbili zilikuwa hukumu juu ya telefone. Na mwenzetu alizichukua kama hukumu juu ya kifua chake.

Sisi wa agronomia tunajua hii kosa. Hauchukue udongo wa pembeni moja ya shamba, karibu na shimo la takataka, halafu useme shamba lote liko hivi. Unachukua fasi nyingi, unachanganya, njo unapima. Saksofoni pia ni vile. Sauti yake haitoki kwa ule mdomo mpana peke yake. Kwa noti nyingi inatoka kwa matundu yaliyofunguliwa, kutoka juu mpaka chini ya chombo. Ukiweka telefone mbele ya mdomo, umepima pembeni moja. Weka metre mbili ao tatu mbali, kwa urefu wa kifua. Na chumba pia kinahesabu: chumba cha simenti tupu, yenye mabati juu, kinarudisha sauti mpaka inakuwa kali. Tundika pazia, ao piga karibu na kitanda chenye godoro.

Sasa nije kwa jambo ambalo tunakosea hata pasipo telefone: tunachanganya sauti kubwa na sauti nzuri. Kwa repetisio neno ni "ongeza, ongeza." Kijana anabana meno, anapuliza kwa nguvu yote, na noti za chini zinalipuka kama bata. Rangi ya sauti haikai katika nguvu. Inakaa katika midomo inayoshika bila kubana, katika koo iliyofunguka, na katika anshi, kile kipande cha tete kinachotetemeka: ikiwa ngumu sana kwa mpigaji, sauti inatoka na pumzi nyingi, ikiwa laini sana, inalialia. Mtihani wa kweli ni kupiga polepole na rangi ibaki. Tena kuko mtego: ukipiga kwa nguvu sana noti inataka kushuka, ukipiga pole sana inataka kupanda. Mtu ambaye hajazoea noti ndefu ataachana na kwaya pande zote mbili.

Nchi yetu haijakosa mifano. Adolphe Sax alizaliwa Dinant, Ubelgiji, mwaka 1814, na hati ya chombo chake aliipata Ufaransa mwaka 1846. Lakini kwetu, watu wengi walijifunza kupenda sauti ile kwa Verckys Kiamuangana Mateta, aliyeingia OK Jazz mwaka 1963, akatoka mwaka 1969 kuanzisha orkestra yake, Vévé. Msikilizeni vizuri. Sauti yake iko na ukali, hata mkwaruzo, lakini ni mkwaruzo aliouchagua mwenyewe. Anaungoja mstari wa waimbaji uishe, anaingia, anasema neno lake, anatoka. Watu wanasema alikuwa anapiga kwa nguvu. Mimi ninasikia mtu aliyejua wakati gani nguvu inafaa. Kijana anayeiga nguvu peke yake amechukua ganda, akaacha tunda.

Nilimwomba ndugu yetu msamaha. Halafu nikamwomba rekodi ya tatu: wimbo ule ule mara tatu, pole, katikati, nguvu, telefone ikiwa metre mbili, bila kuihamisha. Alikaa siku nyingi, lakini akaituma. Hii hapa hukumu yangu, safari hii juu yake kweli. Katikati ni pazuri sana, rangi inakaa sawa toka mwanzo mpaka mwisho. Pole, noti za juu zinapanda na zinakuwa nyembamba: anabana midomo. Kwa nguvu, noti mbili za chini kabisa zinaruka mbele ya zingine, na kwa mstari wa tatu anakata neno katikati juu pumzi imeisha. Apumue mbele ya mstari ule. Dakika kumi za noti ndefu kila siku, aanze pole, apandishe, ashushe.

Alijibu: "Hapo sasa niko najua nifanye nini kesho."

Wandugu, kumwambia "Mungu akubariki" si dhambi, lakini hakumuonyeshi njia. Na "unapiga kama lori" inamuonyesha mlango wa kutokea. Mtu akikutumia sauti yake, uliza kwanza: telefone ilikuwa wapi? chumba ni cha namna gani? Halafu taja fasi moja iliyo nzuri na fasi moja ya kurekebisha, useme ni mstari wa ngapi. Kama haujasikia kitu cha kutaja, sikiliza tena na ekuta, ao umuache mwingine ajibu.

Saksofoni haijauzwa. Na kama kuko rekodi ya mtu inakungoja kwa telefone yako toka juma lililopita, ifungue leo.