Ngazi ya Zege Rusinga: Hesabu Inayotangulia Saruji

Fundi akikosea ukuta, plasta itamsitiri. Sakafu ikiwa na bonde, simiti ya kumalizia italijaza. Ngazi ya zege ikishamwagwa vibaya hubaki hivyo hivyo, na kila anayepanda au kushuka atalilipia kosa lile kwa mguu wake maadamu nyumba imesimama. Tangu Kisiwa cha Rusinga kiunganishwe na Mbita kwa tuta la mawe miaka ya 1980, na baadaye kwa daraja, lori la saruji na nondo linafika kisiwani bila kungoja chombo cha majini. Watu wanajenga kwenda juu: vyumba vya kupangisha, nyumba za wageni zinazotazama ziwa, makao ya waliostaafu wakarudi kwao. Kila ghorofa lazima iwe na ngazi, na ubora wa ngazi huamuliwa karibu wote kabla mfuko wa kwanza wa saruji haujapasuliwa. Mambo mawili ndiyo yanayouamua: hesabu ya kimo cha vidato, na njia ya nondo pale ngazi inapokutana na landingi. Yote mawili zege huyafunika.

Ukanda huu si mgeni wa ujenzi mgumu. Katika kaunti jirani ya Migori kuna Thimlich Ohinga, boma la mawe ambalo UNESCO ililiingiza kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2018. Kuta zake, zinazokadiriwa kuanza kujengwa karne ya 16, zina kimo cha kati ya mita 1.5 na 4.5, na hazikutiwa udongo wala chokaa. Mawe makubwa yamepangwa nje na ndani, katikati pakashindiliwa madogo, na uzito wa ukuta ndio unaoushikilia. Ukisimama langoni utaona mpaka wa ufundi huo. Jiwe hubeba mzigo wa ajabu likigandamizwa, lakini likipindwa huvunjika, kwa hiyo jiwe lililolazwa juu ya lango haliwezi kuruka nafasi pana. Ulinzi ulitaka lango jembamba, na jiwe nalo likataka hivyo hivyo.

Ngazi inayoning'inia kati ya sakafu mbili ni kazi ya aina nyingine kabisa. Chini yake hakuna udongo wala mawe ya kuiegemeza. Ni slabu iliyolazwa mshazari, na kila mtu anayeikanyaga anaipinda kidogo: upande wa juu unagandamizwa, upande wa chini unavutwa. Zege lina tabia ya jiwe. Linastahimili mgandamizo, linashindwa na mvuto. Mvuto huo hubebwa na nondo, na ndiyo sababu nondo kuu za ngazi hukaa chini, karibu na tumbo la slabu. Vidato vyenyewe, yale meno tunayoyakanyaga, ni mzigo tu. Nguvu iko kwenye slabu iliyo chini yao.

Chukua nyumba ya kawaida ya ghorofa moja. Kutoka juu ya slabu ya chini hadi juu ya slabu ya ghorofa ni mita 3. Ngazi ina mikono miwili na landingi katikati, vimo 18 kwa jumla, tisa kila mkono. Kila mkono una kanyagio nane tu, kwa kuwa ya tisa ni landingi yenyewe, au sakafu ya juu kwa mkono wa pili. Tukiipa kanyagio milimita 280, mkono mmoja unahitaji mita 2.24 za urefu wa chini. Fundi mwenye chumba kifupi hushawishika kupunguza kanyagio na kuongeza kimo, na matokeo yake ni ngazi ambayo bibi mwenye magoti mabovu ataipanda kwa kushika ukuta. Mfaransa François Blondel aliweka kanuni katika karne ya 17 inayotumika hadi leo: vimo viwili jumlisha kanyagio moja vilingane na hatua ya mtu anayetembea. Siku hizi jumla hiyo huwekwa kati ya milimita 550 na 700. Ngazi yetu inatoa kama 613, nayo hupandika bila kuhema.

Mita 3 gawanya kwa 18 ni milimita 167 hivi. Hapo ndipo mafundi wengi huishia, na hapo ndipo kosa huzaliwa.

Slabu ya leo siyo sakafu ya kesho. Tuseme chini patawekwa simiti na vigae vyenye unene wa milimita 60, juu milimita 40, na kwenye vidato na landingi milimita 20 tu. Fundi akimwaga vidato 18 vilivyo sawa kabisa kwa milimita 167, siku vigae vikiwekwa kimo cha kwanza kitakuwa 127, kwa sababu sakafu imepanda 60 na kidato kimepanda 20 tu. Cha mwisho juu kitakuwa 187. Vingine vyote vitabaki 167. Tofauti ya milimita 60 kati ya cha kwanza na cha mwisho huweza kuyaponyoka macho, lakini mguu unaijua. Mtu akishapanda vidato viwili vitatu, mwili hushika mdundo na macho huacha kutazama chini. Kinachomwangusha ni kile kimoja kisichofuata wenzake.

Hesabu sahihi huanzia mwisho. Kimo kutoka sakafu iliyokamilika hadi sakafu iliyokamilika ni mita 3 jumlisha 40 kutoa 60, yaani milimita 2,980. Gawanya kwa 18, unapata 165.6. Kisha rudi kwenye mbao: ili kimo cha kwanza kiwe 166 baada ya vigae, mbao yake lazima ifungwe kwa milimita 206, na ya mwisho kwa 146. Zile 16 za kati zinabaki 166. Ukipita kwenye mjengo ukakuta kidato cha chini kimefungwa kirefu kupita kiasi na cha juu kimekuwa kifupi, usikimbilie kumgombeza fundi. Huenda ndiye pekee aliyepiga hesabu yote.

Ugumu ni kwamba huku kwetu nyumba hujengwa kwa awamu. Ngazi inamwagwa mwaka huu, pesa ya vigae inapatikana mwaka kesho au mwaka wa tatu, na mwenye nyumba hajaamua kama ataweka vigae, terazo au simiti tupu. Mimi nasema uamuzi wa sakafu ufanywe siku ya kufunga mbao za ngazi, hata kama vigae vyenyewe havijanunuliwa. Unene ukishaandikwa ukutani kwa penseli, atakayekuja kumalizia ataufuata. Usawa wa juu na wa chini uhamishwe kwa paipu ya maji, kisha mistari ya vidato ichorwe ukutani kutoka fimbo moja iliyopimwa mara moja. Anayepima kila kidato kutoka kwa mwenzake hulimbikiza makosa, na milimita mbili mbili kwa vidato 18 ni nyingi.

Sasa nondo. Slabu ya kila mkono, ukihesabu na landingi, inaruka kama mita 3.3, na unene wa milimita 150 unatosha kwa nyumba ya makazi. Nondo kuu za milimita 12 hulazwa kwa urefu, kila baada ya milimita 150, na za milimita 8 au 10 hukatiza juu yake. Kwa ngazi yenye upana wa mita 1.1 ni nondo nane kuu kwa kila mkono. Michoro ya mhandisi inaweza kutofautiana na hii, na ndiyo ya kufuatwa. Chini ya nondo huwekwa biskuti za zege za milimita 25, ili chuma kisigusane na mbao. Biskuti zikikosekana, nondo hulala juu ya mbao, na siku mbao zikitolewa chuma kinachungulia nje kikingoja kutu.

Pale mkono wa ngazi unapofika kwenye landingi, tumbo la slabu linabadilika kutoka mshazari hadi mlalo. Fundi mwenye haraka huchukua nondo moja, akaipinda kufuata tumbo hilo, ikaendelea chini ya landingi. Inapendeza kuitazama na inaokoa chuma. Lakini nondo ile ya chini inavutwa, na kamba iliyopinda ukiivuta ncha zote mbili hunyooka. Ikitaka kunyooka pale kwenye mkunjo, inasukuma kuelekea chini, na kinachoizuia ni zile milimita 25 za zege lililo chini yake. Zege hilo huanza kwa ufa unaokatiza upana wa ngazi, kisha hubanduka, na tangu hapo nondo haishikilii tena kitu.

Dawa yake ni nondo mbili zinazopishana. Ya ngazi inapanda moja kwa moja bila kupindwa kwenye kona, inavuka unene wa landingi hadi karibu na uso wake wa juu, ndipo inapolazwa. Ya landingi nayo inakuja mlalo chini, inaingia ndani ya mkono wa ngazi hadi karibu na uso wa juu wa slabu, ndipo inapofuata mshazari. Kila moja inapita kona angalau mara 40 hadi 50 ya unene wake, yaani nusu mita au zaidi kidogo kwa nondo ya milimita 12. Ukitazama kutoka ubavuni utaona zimefanya umbo la mkasi. Kwenye mkunjo wa mkono wa pili, pale ngazi inapoanza kupanda kutoka kwenye landingi, nondo ya chini inaweza kupindwa, kwa kuwa ikinyooka inasukuma juu, ndani ya zege lenyewe. Chuma kinachoongezeka kwa kupishanisha kona ile moja ni mita chache. Sijui mahali pengine katika nyumba ambapo gharama ndogo namna hii inanunua usalama mkubwa hivyo.

Zege la ngazi nzima halifiki mita mbili za ujazo. Kwa mchanganyiko wa saruji moja, mchanga moja na nusu na kokoto tatu, ni mifuko kama 13 ya kilo 50. Mchanga wa ziwani una heri moja ambayo wenzetu wa Pwani hawana: maji ya ziwa hayana chumvi ya bahari inayokula nondo. Shida yake ni matope. Tia mchanga kwenye chupa, ongeza maji, tikisa, uache utulie. Tabaka laini likijitokeza nene juu ya mchanga, uoshwe au urudishwe. Maji ya kuchanganyia nayo yawe na kipimo, maana zege jepesi kama uji huteremka lenyewe kwenye mshazari na kufurika juu ya kidato cha chini, na likikauka huwa dhaifu. Huanzwa chini kwenda juu, mikono na landingi kwa siku moja, poka ya kutetemesha zege ikipita kila kidato. Kisha vidato hufunikwa magunia yaliyoloweshwa kwa siku saba angalau, kwa sababu jua la Rusinga na upepo wa ziwa hukausha uso wa zege kabla saruji haijafanya kazi yake.

Upana na vishikio haviwezi kuachwa vijiamulie vyenyewe. Tarehe 3 Februari 2020, wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Kakamega walikanyagana wakishuka ngazi wakati wa kutoka madarasani jioni, na watoto wasiopungua 13 wakafa. Kila ngazi ya shule, kanisa au ukumbi ichorwe kwa ajili ya dakika ile ambapo kila mtu anashuka kwa pamoja, na jengo linalokusanya watu wengi liwe na ngazi pande zote mbili. Michoro ifuate kanuni mpya ya majengo ya taifa ya 2024, iliyochukua nafasi ya ile ya 1968. Vibati vya kushikilia vyuma vya pembeni vifungwe kwenye mbao kabla ya kumwaga zege. Ukitoboa ukingo wa kidato baadaye, unapasuka. Na nafasi kati ya chuma na chuma isizidi milimita 100, mtoto asije akapenyeza kichwa.

Miti ya kuegemeza haiguswi kabla ya wiki mbili, na tatu ni bora. Siku ya kuiondoa, anza katikati ya mkono, ukielekea ncha zote mbili. Ukianzia kwenye ncha, mti wa katikati utabaki umeshikilia ngazi peke yake, slabu itapindika juu yake kinyume, na upande wa juu, usio na nondo za kutosha, ndio utakaopasuka.