Mustang ya Kufufuliwa Haipakwi Rangi

Kila msimu wa minada nchini Marekani huonekana Mustang ya 1966 yenye rangi nyekundu mbichi, ikinadiwa kama mradi uliobakiza kazi ndogo, na watazamaji wanaisifu. Sifa hizo zinaudhi. Anayeuza gari la kufufuliwa anauza bati, na bati lililofunikwa kwa rangi mpya halikaguliki. Muuzaji stadi huacha kutu ionekane, viti vilivyochanika vibaki mahali pake, na hata vumbi halifuti.

Wanunuzi wanaoanza hubeba sumaku. Puti haivutwi, kweli, lakini sumaku ikiteleza kwenye kiungo cha paa na ubavu wa nyuma wanapiga kelele, ilhali kiwanda chenyewe kilijaza risasi pale. Kisha wanaipita sehemu iliyooza.

Iko chini ya kioo cha mbele. Mustang za 1965 hadi 1968 zina mkondo wa hewa hapo, mabati mawili yaliyounganishwa: la juu lina matundu, la chini hupokea mvua na kuitoa pembeni, nyuma ya madigadi. Hewa huingia ndani kupitia matundu mawili ya bati la chini, yaliyozungushiwa kola fupi ili maji yasipite. Majani yakijikusanya shinani mwa kola, unyevu haukauki, bati linaliwa, na mvua inadondokea miguuni mwa abiria. Kwa macho huoni kitu. Boneti inang'aa, injini inanguruma. Kinachohitajika ni jagi la maji na tochi: mmoja amwage taratibu, upande mmoja kisha wa pili, mwenzake alale chali chini ya dashibodi. Likidondoka tone moja, bei ishuke sana. Tiba yake ni kung'oa madigadi, kutoboa pointi za kuchomelea za kiwandani moja baada ya nyingine, kuliinua bati la juu, kulikarabati la chini, kisha kulirudisha la juu likae sawa na kioo.

Matapeli wanaijua sehemu hii kuliko wanunuzi. Wengine hupaka silikoni kupitia matundu. Wengine huchomelea sakafu mpya, huipiga picha kila pembe, na pongezi zinamiminika. Sakafu ya zamani iliozeshwa na maji. Muuzaji aseme yaliingilia wapi. Fundi bodi wa kweli huanzia juu.

Namba ya utambulisho ya gari nayo isomwe kwenye bodi. Kibati cha mlangoni huuzwa kipya, kikachapwa chochote, hasa herufi K ya injini ya 289 yenye nguvu farasi 271. Namba iliyogongwa kwenye bati la ndani la madigadi ya kushoto ndiyo ya kutazama. Nafasi yake ya tano ndiyo ya injini.

Kwa magari ya Ford ya 1967 na kuendelea, namba hiyo hulinganishwa na kumbukumbu za kiwanda alizo nazo mtaalamu Kevin Marti. Mwaka 2017 alisaidia kuthibitisha kwamba ganda la Mustang ya 1968 lililopatikana Baja California, Mexico, lilikuwa moja ya magari mawili ya filamu ya Bullitt. Wamiliki walikuwa wakijiandaa kuligeuza nakala ya gari la filamu nyingine! Lile la pili liliuzwa Kissimmee, Florida, Januari 2020 kwa dola milioni 3.74, rangi yake ya kijani ikiwa imefifia. Familia iliyoliuza ililipata mwaka 1974 kupitia tangazo katika jarida la Road & Track, enzi ambazo muuzaji aliandika maneno machache kwa kuwa alijua atasimama na mnunuzi mbele ya boneti iliyofunguliwa.

Anayeuza leo aondoe mazulia, apige picha chini ya dashibodi maji yakimwagwa, na afungashe boliti za kila sehemu kwenye mfuko wenye lebo. Kabureta ya asili, hata iwe mbovu, iende na gari.