Mwalimu Asiyenisikia

Gitaa si langu. Niliachiwa na jamaa tuliyekuwa tunakaa chumba kimoja chuoni, mwaka ule sote wawili tulipoacha masomo. Mimi niliacha kwa sababu ya karo, yeye kwa sababu alipata kazi ya ulinzi Qatar. Asubuhi ya kuondoka alikuwa na begi moja na gitaa ambalo halingeingia kwenye hilo begi. Akanikabidhi mlangoni. "Shika hii, buda. Nikirudi nikupate unajua kupiga." Kila usiku alikuwa akijaribu wimbo mmoja tu, "Wish You Were Here" wa Pink Floyd, na hata siku moja hakuwahi kupita ule mwanzo.

Kwa hivyo niliamua kuanza na huo huo. Mwalimu wangu akawa simu yenye kioo kilichopasuka, na darasa likafunguliwa usiku, saa zile bando ni rahisi.

Wacha niseme msimamo wangu mapema. Masomo ya gitaa ya mtandaoni ni kati ya vitu vizuri zaidi vilivyowahi kumtokea mtu asiye na pesa. Pia yanaziharibu nyimbo. Yote mawili ni kweli, na ndiyo maana naandika.

Tuanze na wimbo wenyewe. Ulitoka mwaka 1975, kwenye albamu yenye jina hilo hilo. Pink Floyd walikuwa wametajirika, na mtu aliyekuwa kiini cha bendi mwanzoni, Syd Barrett, hakuwa nao tangu 1968, akili yake ikiwa imeyumba. Tarehe 5 Juni 1975, walipokuwa wakiifanyia kazi albamu hiyo katika studio za Abbey Road, London, mtu mnene aliyenyoa kichwa na nyusi aliingia akasimama. Ilichukua muda kabla hawajamtambua. Alikuwa Syd. Sehemu kubwa ya albamu inahusu mtu ambaye hayupo, na siku hiyo mtu huyo akawa amesimama mbele yao, na bado hayupo.

Sasa sikiza wimbo unavyoanza. Kwanza unasikia redio. Mtu anazungusha kisahani cha stesheni, sauti za watu zinapita, kipande cha Tchaikovsky kinapita, halafu gitaa la nyuzi kumi na mbili linatokea likiwa jembamba na la mbali, kama linatoka kwenye spika ndogo ya gari. Baada ya muda unasikia kikohozi. Mtu anavuta pumzi. Halafu gitaa la pili linaingia, hili lina mwili mzima, kama liko chumbani mwako. Mpigaji ni David Gilmour katika yote mawili, lakini picha waliyotaka tuione ni ya kijana aliyeketi chumbani peke yake, anasikia gitaa redioni, na anajaribu kupiga pamoja nalo.

Soma hiyo sentensi tena. Wimbo huu, kabla hata maneno hayajaanza, unahusu mtu anayejifunza gitaa kutoka kwa mtu ambaye hawezi kumsikia.

Nilitazama video nyingi za kufundisha wimbo huu, na karibu zote zinaruka hiyo redio. Zinaruka kikohozi. Zinaanza na mwalimu akitabasamu, gitaa safi, ukuta uliopangwa taa, na ahadi kwamba wimbo ni rahisi, utaujua kwa dakika kumi. Kuna sababu ya kibiashara hapa: mwalimu akiicheza rekodi yenyewe, mwenye haki anaweza kudai mapato ya video au kuifungia. Kwa hivyo tunafundishwa wimbo ambao hauchezwi darasani. Ni kama kufundishwa riwaya na mwalimu anayekusomea orodha ya herufi zilizomo.

Lakini nisiwaonee. Nilipoanza sikujua hata uzi upi ni wa kwanza. Walimu hawa walinifundisha kupanga nyuzi sita, kukata kucha, kuweka kidole karibu na chuma cha freti na si juu yake. Justin Sandercoe, Mwaustralia kutoka Tasmania, alianzisha JustinGuitar mwaka 2003 na kozi yake ya wanaoanza haikulipishi hata ndururu. Huyo jamaa ana subira ya bibi. Anarudia jambo mara tatu bila kukufanya ujione mjinga. Mimi nimetoka kwenye darasa ambalo jina lako halisomwi kama hujamaliza karo, kwa hivyo najua thamani ya darasa lisiloulizia risiti. Usiku fulani nilirudia kipande kimoja mara arobaini na hakuna aliyenung'unika. Unaweza kupunguza kasi ya video mpaka nusu, sauti ya mwalimu ikawa kama ya mlevi, lakini vidole vyake ukaviona vizuri.

Hapo ndipo nilipojifunza siri ya mwanzo wa wimbo huu. Kodi zake ni Em7, G na A7sus4. (Ndiyo, kodi. Mwezi ule nilikuwa na kodi tatu za gitaa na kodi mbili za nyumba, na zile za nyumba zilikuwa ngumu zaidi.) Kidole cha pete na kidole cha mwisho vinakaa freti ya tatu, kwenye zile nyuzi mbili nyembamba zaidi, na havitoki. Vidole vingine viwili ndivyo vinavyohama chini yao. Kila mwalimu anakwambia hili kwa furaha: ona ilivyo rahisi, hivi viwili huvisogezi!

Ni kweli. Mkono wangu ulishukuru. Lakini ilinichukua wiki kadhaa kugundua kile ambacho hakuna aliyenitajia. Kwa sababu vidole hivyo havisogei, noti mbili zile zile zinalia juu ya kila kitu. Kodi inabadilika, besi inahama, na zile noti mbili zimebaki palepale, kama mtu aliyekaa kituoni baada ya gari kuondoka. Wimbo wa kumkosa mtu umejengwa juu ya kitu kinachokataa kuondoka. Somo liliniuzia jambo hilo kama urahisi wa kazi. Sikio ndilo liliniambia ni maana.

Hii ndiyo lawama yangu kuu kwa masomo haya: yanafundisha macho. Unatazama vidole, unatazama ile michoro ya mistari sita yenye nambari, unanakili. Unaweza kuumaliza mwanzo wote bila kuusikia. Na ukishaumaliza tu, video nyingine inajileta, mwanzo wa wimbo mwingine. Kufikia mwezi wa tatu nilikuwa na mianzo tisa ya nyimbo za roki na sina wimbo hata mmoja. Nilikuwa kama mtu anayejua kubisha hodi kwenye nyumba nyingi na hajawahi kuingia hata moja.

Gitaa la huku kwetu halikujifunzwa hivi. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi Mwenda Jean Bosco huko Jadotville, ambayo leo ni Likasi, akipiga "Masanga" kwa kidole gumba na cha shahada tu, na ukisikia unaapa kuna watu wawili. Sahani zake zilisafiri mpaka huku, na watu walikaa mbele ya gramafoni na redio wakitafuta ile sauti uzi kwa uzi. Hapa Kenya George Mukabi alipiga omutibo yake huku chupa ya Fanta ikikwaruzwa kushika mdundo. Waliowafuata hawakuwa na mchoro. Walikuwa na sikio, na kama una bahati, mjomba. Hata Mwingereza John Low, alipotaka kuuelewa mtindo wa Mwenda, alifunga safari mpaka Lubumbashi kumtafuta mwenyewe.

Sisemi zamani ilikuwa bora. Wangapi waliacha gitaa kwa sababu hawakuwa na mjomba? Mimi sina. Ila mjomba ana kitu ambacho video haina: anakusikia.

Nilijua hivyo kupitia ukutani. Keja yangu imepakana na ya mzee mmoja fundi viatu. Jioni moja alinisimamisha kwenye korido, karibu na mfereji.

"Kijana wangu, ni wewe unapiga gitaa?"

"Shikamoo mzee. Ni mimi. Pole kama nakusumbua."

"Marahaba. Hunisumbui. Lakini ule uzi wa pili umelegea. Miezi miwili sasa."

Miezi miwili! Uzi wa pili, mmoja wa zile mbili zisizotulia kimya katika wimbo mzima. Nilikuwa nimetazama walimu watano, wenye wanafunzi malaki kwa malaki, na hakuna hata mmoja ambaye angeweza kuniambia. Siwalaumu kwa hilo, video haina masikio. Lakini nawalaumu kwa kutoniambia kwamba kazi hiyo ingekuwa yangu. Wangesema tu mwanzoni: mimi sikusikii, kwa hivyo ni lazima ujisikie mwenyewe. Sentensi moja.

Baada ya hapo nilifanya kile ambacho wimbo wenyewe ulikuwa ukinielekeza tangu mwanzo. Nilifunga video. Nikaweka rekodi, nikapiga pamoja nayo, vibaya, mara nyingi, mpaka siku moja gitaa la redioni na langu yakakutana kwa sekunde kama ishirini hivi. Ncha za vidole zilikuwa zimeshafanya sugu. Nikarekodi, nikamtumia jamaa Qatar. Kwenye rekodi hiyo kuna honi ya matatu, kuna mtoto wa jirani anaitwa kuoga, na kuna mimi nikisafisha koo kabla ya kuanza. Sikupanga.

Alijibu baada ya siku mbili, zamu zao ni ndefu. Sauti yake ilianza na ukimya mrefu kidogo, nikadhani mtandao. Kisha akasema, "Buda, hizo nyuzi bado ni zile zangu? Badilisha. Zimekufa."

Alinisikia.

Nyuzi mpya nilizinunua Luthuli wiki iliyopita. Wimbo bado sijaumaliza, kuna mahali pa katikati vidole vinagoma, na video ya kunisaidia nimeihifadhi kwenye simu. Nitaitazama, nani amesema nimeacha? Lakini siku hizi kabla ya kuifungua nasikiza wimbo mzima kwanza, dakika tano na ushee, kuanzia redio, kikohozi kikiwemo. Mwalimu anaweza kungoja.